Bakteria wa Ruiru na Fomu Isiyouliza Kwao

Leo nawaalika katika safari ndefu kidogo. Tutapita Ruiru, tutafika Ujerumani na Uswisi, lakini msiwe na hofu, kabla ya kengele ya mwisho tutakuwa tumerudi hapa hapa Chepsaita.

Mambo yalianza likizo ya Desemba. Binamu yangu anayesomea baiolojia katika Chuo Kikuu cha Moi alikuja kwetu na furushi la karatasi. Nami kwa udadisi wangu nikafungua ukurasa mmoja. Lo! Niliona herufi ndogo tupu, a, c, g na t, zimepangwa kumi kumi, mistari ya herufi sitini sitini, na nambari mwisho wa kila mstari. Hakuna nukta wala mkato. Nikafungua ukurasa wa pili, hali ile ile. Wa tano, hali ile ile.

"Kaka," nikamwambia, "mashine iliyochapisha hizi karatasi imeharibika."

Alicheka hadi akashika mbavu. Kumbe ile ilikuwa orodha ya mifuatano, yaani sehemu ya ombi la hataza ambapo mvumbuzi huandika jeni au protini yake herufi kwa herufi. Tangu siku hiyo nilimsumbua kwa maswali mpaka akatamani kurudi chuoni mapema. Haya niandikayo ni yale niliyoyashika.

Kwanza hataza yenyewe. Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili mtu mwingine asitengeneze, asitumie wala asiuze uvumbuzi wake bila idhini yake. Hapa Kenya hutolewa na Taasisi ya Haki Miliki za Viwanda, maarufu kama KIPI, kwa Sheria ya Haki Miliki za Viwanda ya mwaka 2001, na hudumu miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Lakini haki hiyo haitolewi bure bure. Ni lazima mvumbuzi aeleze uvumbuzi wake wazi, kiasi kwamba fundi mwingine akisoma aweze kuutengeneza. Ni mapatano: wewe tufunulie siri yako, sisi tutakulinda kwa muda.

Sasa, aliyevumbua jembe jipya atachora jembe lake, mpini hapa, bapa pale, amemaliza. Je, aliyevumbua kitu kwa kutumia jeni ya bakteria atachora nini? Jeni haionekani kwa macho. Hata ukiitazama kwa hadubini ya maabara yetu (ile moja inayofanya kazi) hutaona chochote. Picha yake ya kweli ni herufi zake.

Jenetiki tutaisoma kidato cha nne, lakini wacha niwatangulizie kidogo. DNA ni kama uzi mrefu wenye shanga za aina nne. Wanasayansi wamezipa herufi: a, c, g, t. Ndani ya jeni shanga hizo husomwa tatu tatu, na kila tatu huita asidi amino moja. Asidi amino zikiungana zinakuwa protini. Tuchukue mfano nilioutunga mwenyewe: atggctaaagtt. Zigawe tatu tatu: atg, gct, aaa, gtt. Ya kwanza ni methionini, ya pili alanini, ya tatu lisini, ya nne valini. Kwa herufi moja moja wataalamu huziandika MAKV.

Tazameni sasa balaa la herufi moja. Badilisha ile a ya saba iwe t. Badala ya aaa unapata taa. Na taa katika lugha ya jeni si ya kumulika, ni amri ya kukoma, kama nukta mwisho wa sentensi. Protini inakatika baada ya asidi amino mbili tu. Au uifute herufi ya nne kabisa: inakuwa atg, cta, aag, tt. Mpango mzima umesogea, kama foleni ya gwaride ambapo mmoja ametoka na wote nyuma yake wamekosa hatua.

Mimi sikuamini kwamba kunakili ni kazi ngumu, kwa hiyo tulijaribu. Saa ya chakula cha mchana jirani yangu wa dawati alinisomea herufi 300 kutoka zile karatasi nami nikaandika. Tulipolinganisha, nilikuwa nimekosea mahali saba, na mara mbili kati ya hizo nilikuwa nimeruka herufi kabisa. Yeye anasema nilikuwa nawazia githeri. Mimi nasema alikuwa anasoma mbio. Ila jambo ni moja: herufi 300 zinatosha protini ya asidi amino 100 tu, nayo hiyo ni ndogo. Maombi mengine yana mifuatano maelfu. Ukikosea, umeomba ulinzi wa kitu ambacho huna, na huwezi kurudi baadaye ukaongeza jambo jipya ambalo halikuwamo katika ombi la mwanzo.

Kuna sababu nyingine ya kuwa na orodha hii. Mkaguzi wa hataza lazima ajue kama uvumbuzi ni mpya kweli. Atajuaje kwamba mfuatano huu haujawahi kuchapishwa na mtu mwingine? Hawezi kukaa akilinganisha kwa macho, atazeeka. Anauingiza katika kompyuta, kompyuta inautafuta katika hazina kubwa za mifuatano zilizoko Marekani, Ulaya na Japani. Ndiyo maana nchi zilihitaji namna moja ya kuandika, ili kompyuta ya Tokyo isome kilichoandikwa Nairobi.

Hapo ndipo linapoingia Shirika la Haki Miliki Duniani, WIPO, lenye makao Geneva, Uswisi. Kwa miaka mingi kanuni iliyotumika iliitwa ST.25. Karatasi za binamu yangu zilikuwa za mtindo huo. Tangu tarehe 1 Julai 2022 maombi mapya hufuata kanuni iitwayo ST.26. Hii hata si ukurasa wa kusomwa na mtu, ni faili ya muundo uitwao XML, ambamo kila taarifa imewekwa ndani ya alama zake kama mayai katika trei, kompyuta inajua lipi liko wapi. WIPO wenyewe hutoa programu ya bure ya kuitayarisha, nayo hukagua kama umekosea taratibu.

Kanuni zake nyingine zinafurahisha. Mfuatano wa DNA wenye herufi kumi au zaidi zinazojulikana wazi sharti uwekwe katika orodha. Wenye herufi tisa hautakiwi kabisa. Kwa protini kiwango ni asidi amino nne. Kwa hiyo ule mfano wangu, herufi 12 na asidi amino nne, umepenya mlango wote wawili kwa tundu la sindano! Zamani asidi amino ziliandikwa kwa herufi tatu tatu, Met Ala Lys Val, siku hizi ni moja moja na kubwa. Kila mfuatano hupewa nambari yake kuanzia 1, na katika maelezo ya ombi mvumbuzi huutaja kwa nambari hiyo. Insulini ya binadamu, kwa mfano, ina nyuzi mbili, moja ya asidi amino 21 na nyingine 30, na kila uzi ungechukua nambari yake.

Sasa tufike pale paliponikera.

Kila mfuatano katika orodha lazima uambatane na jina la kiumbe ulikotoka. Jina la Kilatini, jenasi na spishi, kama tunavyojifunza kidato cha tatu katika uainishaji (na usipoyapigia mstari kwenye mtihani, alama zimekwenda na maji). Kama kiumbe hakijulikani, ipo namna ya kusema hakijatambuliwa. Kama mfuatano umetungwa na watu maabarani, ipo namna ya kusema hivyo pia. Lakini mahali kiumbe kilipookotwa si lazima. Nafasi ipo kwa anayetaka, hata latitudo na longitudo unaweza kuandika. Usipotaka, unaiacha, na programu haitakugombeza.

Nilimwuliza binamu yangu, "Huyu bakteria wa kwenye karatasi zako alitoka nchi gani?" Alipindua karatasi huku na huku. Katika ile orodha jina lilikuwapo, Bacillus. Kwao hapakuwapo.

"Basi hilo ndilo swali la Ruiru," akasema.

Kisa cha Ruiru ni hiki. Ipo dawa ya kisukari iitwayo akabosi. Mtu akila ugali, wanga wake huvunjwavunjwa tumboni kuwa sukari. Akabosi huzuia vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo ya mwisho, sukari ikaingia katika damu polepole. (Wanga uliobaki huchachishwa na bakteria wa utumbo mkubwa, kwa hiyo mgonjwa hupata gesi nyingi. Jirani yangu wa dawati alipolisikia hili hakusoma tena siku hiyo.) Dawa hii ilivumbuliwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani katika miaka ya 1970, ikaanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1990 kwa jina la Glucobay, na Marekani iliidhinishwa mwaka 1995. Haitengenezwi kwa kuchanganya kemikali tu. Hutengenezwa na bakteria. Bakteria huyo ni wa jenasi Actinoplanes na alipewa alama SE50. Alitoka wapi? Ruiru, Kenya.

Katika miaka ya 1990 kampuni iliomba hataza juu ya jeni za bakteria huyo zinazotengeneza dawa ile, jeni zilizoitwa acb. Wakenya wengi walilisikia jambo hili kwa mara ya kwanza mwaka 2006, ilipotoka ripoti ya Edmonds Institute ya Marekani na African Centre for Biosafety ya Afrika Kusini. Ripoti hiyo ilisema bakteria alitoka ziwa la Ruiru. Wanasayansi walioandika juu ya bakteria huyo baadaye wamesema alitoka katika udongo wa shamba la kahawa la Ruiru. Ziwa au kahawa? Mwaka 2012 ilichapishwa DNA nzima ya mmoja wa ukoo wake, aitwaye SE50/110, zaidi ya herufi milioni tisa. Fikirini! Tunajua herufi milioni tisa za kiumbe huyo moja baada ya nyingine, lakini bado tunavutana kama aliokotwa majini au chini ya mbuni.

Na huko huko Ruiru kuna kituo cha utafiti wa kahawa, ambacho katika miaka ya 1980 kilitoa aina ya kahawa inayostahimili magonjwa. Ikaitwa Ruiru 11. Popote mche huo unapopandwa, jina la mji linatajwa. Bakteria wa udongo ule ule, au wa jirani yake, anaitwa SE50.

Sitaki kuonea mtu. Niseme na upande wa pili, kwa sababu binamu yangu alinibana sana hapo. Bakteria huyo aliondoka Kenya kabla ya Mkataba wa Bayoanuwai wa mwaka 1992, ambao ndio ulioziambia nchi kwamba viumbe vilivyo katika mipaka yake ni mali iliyo chini ya mamlaka yake. Kabla ya hapo, udongo ulichukuliwa kama hewa, mwenye kuchota na achote. Pia mtu akiokota udongo si kwamba ameokota dawa. Kuna miaka ya kazi, maabara, majaribio, na fedha. Nakubali. Hata hivyo mpishi hodari akipika ugali wa kusifiwa, aliyelima mahindi hana hata asante?

Karibu na sisi kuna maziwa ya magadi kama Bogoria kule Baringo, ambako maji huchemka yenyewe na bado kuna bakteria wanaoishi humo raha mustarehe. Vimeng'enya vya viumbe kama hao hufaa kwa sabuni za kufulia na kupausha suruali za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lililalamika hadharani kuhusu vimeng'enya vilivyotokana na maziwa hayo na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2006 zikatoka kanuni za Kenya zinazomtaka mtu apate kibali cha NEMA kabla ya kuchukua rasilimali za kijenetiki, na mwaka 2007 KWS ikatia sahihi makubaliano na Novozymes ya Denmark. Kwa hiyo tumeamka, japo jua lilikuwa limeshapanda.

Shida mpya ni kwamba siku hizi mtu hahitaji kuja na chupa. Mfuatano ukishawekwa katika zile hazina za kompyuta, mtu aliye Chicago anaweza kuusoma, akaagiza jeni hiyo itungwe maabarani herufi kwa herufi, akaitia katika bakteria mwingine, kazi ikaendelea. Kibali cha NEMA atakiombea nini, naye hakugusa udongo? Nchi zimelibishania jambo hili miaka mingi. Mwezi wa Februari 2025 ulizinduliwa mfuko uitwao Mfuko wa Cali, ambao makampuni yanayotumia mifuatano ya namna hii yanahimizwa kuchangia. Yanahimizwa, nasisitiza. Kuhimizwa na kulazimishwa ni vitu viwili, muulizeni mwanafunzi yeyote aliyehimizwa kusoma wakati wa likizo.

Lililonipa moyo zaidi ni la tarehe 24 Mei 2024. Siku hiyo huko Geneva nchi wanachama wa WIPO zilikubaliana mkataba juu ya haki miliki, rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi yanayoambatana nazo. Ndani yake mna sharti hili: mwombaji hataza ambaye uvumbuzi wake umesimama juu ya rasilimali ya kijenetiki ataje nchi ya asili. Asipoijua, ataje alikoipata. Asipojua yote mawili, atamke rasmi kwamba hajui. Kama maarifa ya wenyeji yametumika, ataje wenyeji hao. Mkataba wenyewe ulijiwekea kwamba utaanza kutumika miezi mitatu baada ya nchi 15 kuuridhia. Wala hauangalii nyuma, yaani maombi ya zamani hautayagusa. Ya Ruiru yamekwisha pita.

Binamu yangu anasema sharti hilo linahusu ombi la hataza, si ile faili ya mifuatano. Faili inaweza kubaki vile vile, na mahali pa asili wazi. Mimi naona hapo ndipo wangepaanzia. Kama programu inakataa mfuatano wa herufi tisa, haiwezi kukataa mfuatano usio na kwao? Yeye anasema mambo si mepesi hivyo, kuna bakteria wanaopatikana nchi kumi. Hatukuafikiana. Kogo, yaani nyanya yetu, alituambia tupunguze kelele.

Maana mazungumzo yote haya yalikuwa jikoni kwa kogo, naye ana kisukari kwa miaka kadhaa sasa. Hatumii akabosi, ana vidonge vingine vya kliniki. Siku hiyo alikuwa anatayarisha mursik. Kwa wale mliohamia juzi: kibuyu husuguliwa ndani kwa makaa ya kijiti cha senetwet, kikatiwa maziwa, yakaachwa siku kadhaa mpaka yagande na kuwa machachu. Wanaoyagandisha ni bakteria, wakiwamo wa jenasi Lactobacillus, na watafiti wa vyuo vikuu vyetu wameshawachunguza. Kibuyu cha kogo kina miaka mingi kuliko mimi. Bakteria waliomo wamelelewa na mkono wake na labda wa mama yake.

Nikachukua kalamu nikajaza, kama mchezo, sehemu ya orodha ya kibuyu chake. Mfuatano nambari 1. Urefu, herufi kadhaa. Aina, DNA. Kiumbe, Lactobacillus, nikaipigia mstari vizuri. Kisha nikamsomea kwa Kikalenjin, nikimweleza kila neno kadiri nilivyoweza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na mimi nimeandikwa wapi?"

Binamu yangu aliichukua ile karatasi, akatafuta pembeni palipokuwa na nafasi, akaandika Chepsaita.